Ijue kongosho: Nyama ndogo nyuma ya tumbo ambayo seli zake hazinyamazi



Ndugu msomaji, huku kwetu Nassa, wilaya ya Busega, mtu anapopimwa sukari na kukutwa iko juu, maneno anayoambiwa mara nyingi ni haya: "Kongosho lako halifanyi kazi." Basi. Anarudi nyumbani na karatasi na vidonge, na mkewe akimuuliza kongosho ndiyo nini, anajibu kuwa ni kitu cha ndani. Hakusema uongo. Lakini mtu ambaye hajui kilichoharibika ndiye anayeacha vidonge wiki ya tatu kwa kuwa anajisikia vizuri, na ndiye anayeingia Ramadhani na dozi ileile aliyokuwa akimeza mwezi wa Shaaban. Kwa hiyo leo tuingie ndani ya kongosho lenyewe, tuone limepangwaje na seli zake zinapashanaje habari. Ukishafahamu hilo, maagizo mengi ya daktari yataacha kuwa amri tupu.

Siku ya Idd kubwa, mbuzi akishapasuliwa, mwombe mchinjaji akuoneshe mahali tumbo linapokwisha na utumbo mwembamba unapoanza. Hapo pembeni utaona kinyama laini cha rangi ya pinki iliyofifia, chenye vinundu vinundu, ambacho wengi hudhani ni mafuta na kuwatupia mbwa. Hilo ndilo kongosho. Kwa binadamu lina urefu wa kama sentimita 15, na uzito wake kwa kawaida haufiki hata robo kilo. Limelala nyuma ya tumbo la chakula, kichwa chake kimekumbatiwa na utumbo wa mwanzo na mkia wake unaelekea kwenye bandama.

Masuke na mifereji

Ukikata kipande chembamba sana cha kongosho na kukitazama kwa hadubini, sehemu kubwa utakayoiona ni seli zilizojipanga kwa vishada, mfano wa punje katika suke la mtama. Katikati ya kila kishada kuna mfereji mdogo. Mifereji hiyo inaungana na kuwa mikubwa zaidi, mpaka mfereji mkuu unaomwaga katika utumbo mwembamba. Kazi ya seli hizi ni kutengeneza vimeng'enya, yaani vitu vinavyovunja ugali, nyama na mafuta ya samaki viweze kusharabiwa. Kwa siku moja kongosho humwaga zaidi ya lita moja ya maji haya, nayo yana magadi ya kupoza ukali wa tindikali itokayo tumboni.

Hapa pana jambo la kustaajabisha. Vimeng'enya vinavyoweza kuyeyusha nyama ya ng'ombe vingeweza kuiyeyusha pia nyama ya kongosho. Kwa hiyo vile vikali zaidi hutengenezwa vikiwa vimelala, vikafungiwa ndani ya vifuko, na huamshwa vikishafika kwenye utumbo. Vikiamka mapema, kwa mfano kijiwe cha nyongo kikiziba njia, au kwa mnywaji wa pombe wa miaka mingi, kongosho huanza kujila lenyewe. Maumivu yake huwa juu ya kitovu na hupenya hadi mgongoni, na ni ugonjwa wa kukimbizwa hospitali, si wa kusubiri kesho.

Seli hizi zinajuaje kuwa chakula kimefika? Mwaka 1902 mjini London, wanasayansi wawili, Bayliss na Starling, waliikata mishipa yote ya fahamu iliyounganisha utumbo na kongosho la mbwa, kisha wakatia tindikali katika utumbo. Kongosho likamwaga maji yake vilevile. Maana yake ni kuwa ujumbe haukupita kwenye mishipa ya fahamu bali ulisafiri ndani ya damu. Mwaka 1905 Starling akavipa vitu vinavyobeba ujumbe namna hiyo jina la homoni. Neno hilo tunalolitumia leo hata kwa vidonge vya uzazi wa mpango lilianzia kwenye kongosho.

Visiwa

Sasa tuje kwenye sehemu inayotuhusu zaidi. Mwaka 1869 mwanafunzi wa udaktari mjini Berlin, Paul Langerhans, alipokuwa akitazama kongosho kwa hadubini, aliona kuwa katikati ya vile vishada kuna mafungu madogo ya seli za aina nyingine, zisizounganika na mfereji wowote. Aliyaandika bila kujua kazi yake. Baadaye yakaitwa visiwa vya Langerhans. Msomaji wa Nassa hana taabu kulifahamu jina hili. Vimetawanyika ndani ya kongosho kama visiwa vilivyotawanyika ziwani.

Mtu mzima ana visiwa kama milioni moja, lakini vyote kwa pamoja havizidi asilimia 2 hivi ya uzito wa kongosho. Kwa kuwa havina mfereji, vinamwaga homoni zao moja kwa moja katika damu, na ndiyo maana vimejaa vishipa vya damu kupita kiasi cha ukubwa wao.

Ndani ya kila kisiwa kuna wakazi wa aina kadhaa. Walio wengi, nusu au zaidi kidogo, ni seli beta, zinazotengeneza insulini. Wanaofuata ni seli alfa, zinazotengeneza glukagoni. Halafu kuna seli delta, kama moja katika kila kumi, zinazotoa somatostatini. Wengine waliobaki ni wachache. Katika kisiwa cha panya, seli beta hukaa katikati na alfa pembezoni. Kwa binadamu zimechanganyika, beta ubavuni mwa alfa na delta katikati yao, kama nyumba za kijiji. Mpangilio huu una maana, kwa sababu wakazi hawa wanasemezana mchana na usiku.

Kinachojadiliwa ni kitu kidogo sana. Sukari yote iliyoko katika damu ya mtu mzima mwenye afya inakaribia kijiko kimoja tu cha chai. Ikizidi sana ni madhara, ikipungua sana ubongo unazimika. Kazi ya kisiwa ni kulinda kijiko hicho.

Tazama seli beta inavyofanya. Sukari ya damu inapopanda baada ya chakula, inaingia ndani ya seli na kuchomwa ili kutoa nguvu. Nguvu hiyo ikiongezeka, mlango mmoja wa madini ya potasiamu unafungwa. Mlango huo ukifungwa, umeme mdogo wa ngozi ya seli hubadilika, mlango mwingine wa kalisi unafunguka, kalisi inaingia kwa kasi, na vifuko vya insulini vilivyokuwa tayari ukingoni vinapasuka na kumwaga insulini katika damu. Seli beta haihitaji kuambiwa na ubongo kuwa umekula, kwa kuwa inaionja damu yenyewe.

Wala haifanyi peke yake. Kati ya seli beta moja na jirani yake kuna vitundu vidogo vya protini vinavyoziunganisha, na umeme hupita humo kutoka seli hadi seli. Matokeo yake ni kuwa beta zote za kisiwa kimoja huvuta pamoja, kama wavuvi wanaovuta wavu kwa wimbo mmoja. Insulini hutoka kwa mapigo, kama kila dakika tano hivi, si kwa kumiminika tu. Katika kisukari cha aina ya pili, wimbo huu huanza kupotea mapema, na kila seli ikavuta kwa wakati wake.

Mazungumzo ya pili ni ya jirani kwa jirani. Insulini inapotoka, seli alfa zilizo pembeni huipata kabla haijafika mwilini, na kwao huwa ni ujumbe wa kuwaambia: nyamazeni, chakula kipo. Kazi ya alfa ni kinyume. Sukari ikishuka hutoa glukagoni, nayo huenda kwenye ini na kuliagiza lifungue ghala, litoe sukari iliyohifadhiwa. Seli delta ndiyo msuluhishi. Ina mikono mirefu inayofika kwa majirani kadhaa, na somatostatini yake huwatuliza wote wawili, beta na alfa, ili asiwepo anayepita kiasi. Alfa nayo huisaidia beta kutoa insulini vizuri zaidi wakati wa chakula. Zaidi ya hapo, utumbo unatanguliza taarifa kwa homoni zake, ndiyo maana sukari iliyopita mdomoni huamsha insulini nyingi kuliko sukari hiyohiyo ikitiwa kwenye mshipa.

Mazungumzo yakivunjika

Wagonjwa wengi husema, "Bwana tabibu, jana usiku sikula chochote, mbona asubuhi sukari imepanda?" Wengine hudhani kipimo ni kibovu, na mke anasingiziwa kuwa alitia sukari kwenye uji. Jibu liko kisiwani. Beta zikipungua au kuchoka, hakuna wa kuiambia alfa inyamaze. Alfa inaendelea kuliagiza ini lifungue ghala usiku kucha, hata kama damu imejaa sukari. Usile, na bado itapanda. Kwa hiyo kushinda na njaa si tiba ya kisukari.

Zingatia pia vidonge. Glibenklamaidi, ambayo wagonjwa wengi wanaijua, inafanya kazi kwa kuufunga ule mlango wa potasiamu wa seli beta kwa nguvu. Seli inadanganywa kuwa sukari imekuja, inamwaga insulini hata kama hujala. Ndiyo maana ukiimeza kisha ukaenda shamba la pamba bila kula, saa nne unatetemeka, jasho linakutoka, unaongea ovyo. Kwinini nayo iliamsha insulini, na mtoto mwenye malaria kali aliyetundikiwa kwinini angeweza kuzimia kwa kupungukiwa sukari. Siku hizi malaria kali hutibiwa kwanza kwa sindano ya artesuneti, lakini malaria kali yenyewe bado hushusha sukari ya mtoto. Metformini ni tofauti. Hailazimishi beta, bali hulibana ini lisitoe sukari ovyo, na ikimezwa peke yake ni nadra kuangusha mtu.

Mwembamba naye huugua

Kuna maneno yameenea kuwa kisukari ni ugonjwa wa matajiri na wanene. Maneno haya yanaua watu katika mkoa wetu wa Simiyu, kwa sababu mkulima mwembamba anayekonda na kukojoa usiku kucha haendi kupima, au akienda hapimwi.

Watafiti wa NIMR tawi la Mwanza, si mbali na hapa Nassa, wakishirikiana na wenzao wa nje, walichunguza watu wazima wa kaskazini-magharibi mwa Tanzania na kuchapisha matokeo mwaka 2021. Waliona kuwa udhaifu wa seli beta, yaani kushindwa kutoa insulini ya kutosha, una sehemu kubwa katika kisukari cha watu wetu. Si unene tu na mwili kuikataa insulini. Mwaka 2025 nao ukaleta mambo mawili. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari, IDF, lilikubali rasmi jina la kisukari cha aina ya tano, kinachohusishwa na utapiamlo. Na uchunguzi uliofanyika Uganda, Kamerun na Afrika Kusini kwa vijana 894 waliokuwa wakitibiwa kama wagonjwa wa aina ya kwanza ulionesha kuwa wengi wao hawakuwa na zile dalili za damu zinazothibitisha kuwa kinga ya mwili ndiyo iliyoshambulia visiwa. Mjadala haujaisha, na mimi sioni ubaya wowote katika hilo. Muhimu kwako ni kuwa wembamba si kinga.

Watu wa ziwani hupenda kuuliza kuhusu mhogo, kwa kuwa zamani wataalamu walishuku kuwa sumu yake inaharibu kongosho. Mwaka 1992 Swai, McLarty na wenzao walichapisha uchunguzi wa jamii ya Kitanzania iliyokuwa ikila mhogo wenye sumu nyingi, na jibu lao lilikuwa kwamba sumu hiyo haisababishi kisukari. Mhogo mchungu uendelee kulowekwa na kukaushwa vizuri kwa sababu nyingine, kwani husababisha ugonjwa wa kupooza miguu. Lakini visiwa vyako haviui.

Kwa watoto nataka useme neno zito ukifika zahanati. Mtoto aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani kisha akarudia, anakunywa maji bila kukata kiu, anakonda, kisha anaanza kutapika na kupumua kwa nguvu huku mdomo ukinuka kama tunda lililoiva mno, huyo hana insulini na mwili wake unayeyusha mafuta hadi damu inakuwa chachu. Watu husema malaria. Wengine husema jini. Kisomo kisomwe, nami nimekaa madrasa nikajua thamani yake, lakini kisomwe njiani kuelekea hospitali. Waambie wamchome kidole wapime malaria na sukari papo hapo. Siku moja ya kuchelewa hutosha kumpoteza.

Ramadhani

Huku kwetu karibu na ikweta, saumu ni saa 13 na ushee kila mwaka. Kwa mwenye visiwa vizima hilo si tatizo. Insulini inashuka, alfa zinapaza sauti, ini linatoa akiba yake kidogo kidogo hadi Magharibi. Kwa mgonjwa, mazungumzo hayo yana kasoro. Na anayejichoma insulini kwa miaka mingi ana hatari nyingine, kwamba alfa zake nazo huwa kiziwi. Sukari inashuka na hakuna anayepiga kelele, mtu anazima ghafla bila kutetemeka.

Kwa hiyo nenda kwa mtaalamu wiki sita au nane kabla ya mwezi kuandama, upangiwe dozi upya. Atakayekuambia usifunge hakuvunjii dini. Ruhusa ya mgonjwa imo katika aya ya 184 na 185 za Suratul Baqarah, na kuhusu kulipa au kutoa fidya muulize sheikh wako. Kuchoma kidole kupima sukari hakubatilishi saumu, ndivyo wanavyoona wanazuoni wengi wa zama hizi. Kipimo kikisoma chini ya 3.9 (au 70 kwa mashine za kipimo cha pili), fungua hapo hapo, hata kama imebaki robo saa kufika Magharibi. Kikipita 16.6 (yaani 300), fungua pia. Aliyezimia usimmiminie soda mdomoni, itaingia mapafuni. Mpake sukari kidogo ndani ya shavu na mkimbize hospitali.

Kabla ya kupima, nawa mikono kwa sabuni na ukauke. Kidole kilichotoka kumenya embe kitakupa namba ya kutisha ambayo si ya damu yako. Na sindano au kichomeo kisitumiwe na watu wawili, hata mume na mke.

Sindano na chungu

Swali linalorudi katika kila mkusanyiko: insulini si imetokana na nguruwe? Insulini ya kwanza ilitengenezwa Toronto, Kanada, mwaka 1921, na Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, akachomwa na akapona hali ya kufa. Kwa miongo mingi baada ya hapo ilikamuliwa kutoka makongosho ya ng'ombe na nguruwe. Tangu mwaka 1982 ilianza kuuzwa insulini ya kibinadamu inayotengenezwa kwa kuwapa bakteria au hamira maelekezo ya mwili wa binadamu, na hiyo ndiyo inayotumika kwa kawaida leo. Tusiwaache watoto wetu wafe kwa tetesi ya miaka ya sabini.

Wala tusiiache kwa ajili ya kikombe. Mwaka 2011 maelfu walielekea Samunge, Loliondo, na miongoni mwao walikuwamo wenye kisukari. Dawa ya mti haiwezi kufufua seli beta zilizokwisha kufa. Habbat sauda kula kama chakula ukipenda, lakini sindano ibaki palepale.

Kama nyumba haina friji, chukua vyungu viwili, kimoja kikubwa na kimoja kidogo kiingie ndani yake. Jaza mchanga katikati yao, mwagia maji asubuhi na jioni mchanga usikauke, weka kichupa cha insulini ndani ya mfuko mkavu katika chungu kidogo, funika kwa kitambaa kibichi, kisha weka kivulini penye upepo. Kichupa kilichofunguliwa andika tarehe kwa kalamu, na zikipita wiki nne kibadilishe. Kisigande barafu, kisikae kwenye bati wala juu ya kabati la jikoni. Sindano zilizotumika zitie katika dumu gumu lenye kifuniko, lisilofikiwa na watoto, na likijaa lirudishe zahanati, usilitupe jalalani ambako watoto huokota chupa.